Labda Mtu Afe

Jioni ile Fundi Mapazia alifunika cherehani mapema, akajitanda mtandio, akamwambia mumewe anakwenda kununua uzi. Uzi ulijaa kabati zima. Mwanamke anayekwenda kununua uzi na viatu vya harusini, na manukato nyuma ya masikio, huyo uzi hauhitaji. Lakini mumewe, Fundi Bomba, alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni, na mwanaume aliye chini ya sinki haoni viatu vya mtu.

Alikuwa anakwenda ofisi ya safari.

Safari yenyewe mtaa mzima uliijua. Ungekosaje kuijua, na Fundi Mapazia ameisimulia kwa kila aliyemletea kitambaa? Ni hifadhi ya taifa, huko nyanda za juu, ambako ardhi inatokota kama sufuria na maji ya moto yanaruka kupita nguzo za umeme, na nyati husogea kuota mvuke wakati wa baridi. Fundi Bomba alikuwa amechukua viti vitatu, chake, cha mkewe, na cha mama yake. Hasa cha mama yake. Yule mama tangu ujana alikuwa na picha ya maji yale, ameikata kwenye kalenda na kuibandika juu ya kitanda, na kila aliyeingia chumbani alionyeshwa.

"Hapo ndipo dunia inapopumua," alikuwa akisema. Akimaliza, akikusahau, anakuonyesha tena.

Maana alikuwa anasahau. Hilo ndilo lililoleta mambo. Alisahau kama amekula, alisahau jina lako, na siku nyingine alisahau njia ya chooni, godoro likaanikwa uani macho ya watu yakiliona. Fundi Mapazia alimfulia, simsingizii. Alimfulia, akamwogesha, na sauti hakuwahi kumpandishia. Ila kufua kwako ni kufua kwako. Kukaa ndani ya gari na wageni wenye miwani ya jua, kisha kiti kikaloana, hiyo ni habari nyingine. Na Msusi, shoga yake wa kufa na kuzikana, alishamtia maneno.

"Shoga, hizo picha utapiga saa ngapi? Nyati wanapita, wewe umeinama unambadilisha mtu mzima."

"Hebu nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini kile kiti ningekaa mimi, tungecheka mpaka mbavu zituume. Mwambie bibi safari imeahirishwa. Si atasahau?"

Si atasahau. Neno likamkaa kama mwiba wa samaki kooni. Asubuhi yake akaingia chumbani kwa mkwewe, akakuta begi limeshafungwa, akasema, "Mama, ile safari imeahirishwa." Yule mama akaitikia, "Sawa, mwanangu." Akafungua begi, akawa anatoa nguo moja moja, anazikunjua polepole, anazilaza kitandani kama anayelaza watoto. Fundi Mapazia akageukia dirishani, akalikagua pazia alilolishona mwenyewe kana kwamba halijui.

Mume angeambiwa kwamba mama kakataa mwenyewe. Kilichobaki ni kiti. Alipopiga simu ofisini, karani wa tiketi alimjibu kwa utani.

"Majina yameshapelekwa hifadhini, dada. Hayabadilishwi. Labda mtu afe."

Wakacheka wote wawili. Kisha yeye akabaki ameishika simu, hacheki tena.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, mwisho wa korido ndefu. Taa ya korido ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Alipofika katikati, kiatu kikateleza. Sakafu ilikuwa na maji.

Maji ya uvuguvugu.

Na harufu... Mayai. Mayai yaliyooza, yamepasuliwa yote kwa pamoja. Akajiziba pua na ncha ya mtandio. Nyuma ya mlango kulikuwa na sauti ndogo, kama kifuniko kinachochezeshwa na chungu kilicho motoni.

Tu... tu... tu...

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia. Madirisha yalikuwa yamefunga ukungu kwa ndani, na nyuma ya meza ya karani alikaa mwanamke, ameinamisha kichwa, mikono mitupu juu ya meza.

"Karani ametoka?"

"Ametoka." Sauti ilitoka kama ya mtu aliyetia kichwa ndani ya mtungi.

"Nilikuja kwa habari ya kiti."

"Viti vyote vina watu."

"Kimoja... mwenyewe hatakwenda."

"Kwa nini hatakwenda?"

Fundi Mapazia akatazama koridoni. Angeweza kugeuka. Ngazi zilikuwa pale pale nyuma yake.

"Tumepata msiba," akanong'ona.

"Nani?"

"Mama mkwe."

"Amefanya nini?"

Tu... tu...

"Sema mwenyewe. Amefanya nini?"

"Amefariki."

Mwanamke akainua kichwa. Uso ulikuwa uso tu, tena mzuri. Lakini nywele zake zilikuwa zinafuka moshi mweupe, taratibu, kama wali uliopakuliwa sasa hivi.

"Poleni."

"Huandiki?" Fundi Mapazia aliuliza, maana juu ya meza hakukuwa na kalamu wala karatasi, na ile mikono haikusogea.

"Hapa hatuandiki. Tunasikia tu." Akatabasamu kidogo. "Lisemwalo lipo..."

Hakumalizia. Methali hiyo kila mtu anajua inakoishia.

Fundi Mapazia alishuka ngazi kiatu kimoja mkononi. Njiani akajituliza. Maneno tu. Maneno hayavunji mfupa. Mama yuko nyumbani, amekaa kwenye kiti chake, pengine anataka chai. Akafika dukani kwa Mama Duka, yule ambaye hata ukipita na jeneza atakuuliza ndani kuna nani na amevaa nini. Leo hakuuliza kitu. Alitoka nje, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Tangulia. Nafunga duka, nakuja."

Mlangoni kwake viatu vilijaa. Ndani wanawake wamekaa chini, mitandio imeshuka machoni. Msusi naye yupo, analia kuwapita wote, mpaka kope za bandia zimeteremka shavuni. Fundi Bomba amekaa kwenye stuli, spana bado iko mkononi, macho mekundu.

Na pembeni, kwenye kiti chake cha siku zote, amekaa mama mkwe.

Mzima.

"Karibuni," anawaambia watu. "Karibuni jamani. Nani amekufa?"

Hakuna aliyegeuka. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono, akauchomoa mto uliokuwa mgongoni kwa yule mama, akaukalia, kama aliyeokota mto kwenye kiti kitupu. Yule mama akayumba, akashika ukuta. Akamwona mkwewe mlangoni, uso ukamchangamka.

"Mwanangu, afadhali umekuja. Hawa wananinyamazia. Nimewakosea nini?" Akainama kulitazama gauni lake, akashusha sauti. "Nimejikojolea?"

Fundi Mapazia akainama kutazama. Chini ya kiti kile kweli kulikuwa na maji. Lakini yalikuwa yanafuka. Na ile harufu ilikuwa humo humo sebuleni, na watu wote walikuwa wakivuta pumzi kama kawaida.

Akapiga magoti mbele ya mumewe. "Baba, mwili uko wapi?"

Fundi Bomba akakunja uso, akafikiri, kama mtu anayetafuta jina la kijiji alichopita zamani. "Mwili..." akasema. "Upo chumbani. Mwoshaji yuko ndani."

"Mwoshaji gani? Nani kamwita?"

"Alikuja mwenyewe."

Tu... tu... tu...

Sauti ilitoka chumbani kwa mama. Chini ya mlango mvuke ulikuwa unajipenyeza, unatambaa sakafuni, unapita katikati ya magoti ya waombolezaji. Mlango ukafunguka upana wa kiganja.

"Mleteni," ikasema sauti ya mtungini.

Yule mama akasimama. Alikuwa mtu wa adabu, akiitwa anaitika.

"Naitwa," akasema, akaanza kujivuta. "Ni ile safari, eh? Naenda kuyaona maji?"

Hatua. Hatua nyingine. Watu waliinua miguu kumpisha, na bado hawakumwona. Fundi Mapazia akamrukia, akamshika kiganja, akakiachia. Kilikuwa cha moto kama pasi. Akakishika tena. Wapi! Mama anakwenda tu, naye anaburutwa, kwa wepesi ule ule ambao yeye huburuta marobota yake ya kitambaa.

Alijua kinachotakiwa. Mtu akishatamka, mtu huyo huyo ndiye wa kutamka tena. Na sebule imejaa! Wateja wake wote, majirani, mume. Angetamani wawe majambazi, kuliko watu wanaomwita shemeji na dada.

"Mama hajafa," akasema.

"Mke wangu, kaa chini," mumewe akamjibu taratibu. "Uchungu huo."

"Hajafa. Ni mimi nilisema."

"Umesema nini?"

Mama alikuwa ameshafika. Mkono mweupe, uliovimba kama uliokaa majini usiku kucha, ukatoka kwenye upenyo wa mlango, ukasubiri.

"Nilikwenda ofisi ya safari nikasema mama amefariki. Ili Msusi akae kwenye kiti chake." Sauti ilikuwa inamkatika, akaisukuma. "Nilimwonea aibu mama yako. Niliona atatutia aibu mbele ya watu, nikasema amekufa. Mwenyewe. Kwa mdomo wangu."

Ile tu-tu ikanyamaza.

Msusi naye akanyamaza, katikati ya kilio, mdomo wazi.

"Mama?" Fundi Bomba alikuwa amesimama. Spana ilianguka. "Mama, umesimama hapo na miguu inayokuuma?"

Hapo ndipo wakamwona. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Walinyanyuka mmoja mmoja, bila kuangaliana, wakatafuta viatu. Mama Duka alivaa kushoto kulia, akaondoka hivyo hivyo. Chumbani hakukuwa na mtu. Shuka lilikuwa limetandikwa, limenyooshwa kingo zote kama la maiti, limeloa, linatiririsha maji ya moto.

Kesho yake karani wa tiketi alisema ofisi ilifungwa tangu mchana, kwa sababu bomba la maji ya moto lilipasuka ghorofani. Haya, hilo lingetosha. Fundi Bomba, kwa ufundi wake, akaenda kutazama. Aliporudi alikaa muda mrefu bila kuvua viatu.

"Lile jengo," akasema, "halina bomba la maji ya moto."

Tangu hapo hakumsema mkewe kwa lolote. Heri angemsema. Alisema tu kwamba safari iko pale pale, wataenda watatu, akageukia ukuta. Wateja nao hawakupungua, waliongezeka. Mtu analeta kipande cha kitambaa cha kufutia meza, anataka pazia, macho yake yote yako usoni kwa fundi.

Na mama? Mama, jioni ile ile watu walipoondoka, alimwita.

"Mwanangu, wale watu walikuja kwa nini? Nani alikufa?"

Akamweleza yote, kichwa chini. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinionea aibu?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya." Akapapasa gauni lake magotini. "Hata mimi najionea."

Fundi Mapazia alilia, akadhani limekwisha. Jioni iliyofuata, jua linazama, mama akamwita tena, uso mkunjufu, hana habari. Nani alikufa? Akaeleza upya. Akaumizwa upya yule mama, kama hajawahi kuumizwa. Na iliyofuata. Mpaka siku moja swali likamkuta na mteja mgeni sebuleni, mwanamke wa heshima zake, amekuja kupimisha madirisha. Fundi Mapazia akaona, si leo.

"Mzee mmoja tu, Mama. Wa mtaa wa pili."

"Maskini," mama akasema, akaridhika.

Fundi Bomba akaingia kutoka kazini. Akaweka mfuko wa vifaa, akaangaza macho, yakapita juu ya kiti cha mama yake, yakaendelea.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

Na mama amekaa pale. Amemnyooshea mkono.

Mayai. Harufu ya mayai...

Alieleza yote mbele ya yule mteja, haraka, anakwaruza maneno, mpaka mumewe akapepesa macho na kusema, "Aa, Mama, kumbe upo." Mteja hakurudi. Tangu siku ile haijapita jioni asiyoeleza, awepo nani, asiwepo nani.

Siku ya safari walikaa kiti cha nyuma, watatu, mama katikati. Gari lilijaa watu wasiowajua, wenye miwani ya jua na kofia pana. Mama alikuwa na furaha ya mtoto. Aliwaonyesha wote nyati, hata palipokuwa na vichuguu tu. Walifika lango la hifadhi jua likiwa linazama. Ng'ambo ya majani, nguzo nyeupe ya mvuke ilipanda, ikasimama, ikaanguka.

"Inapumua," mama akasema.

Gari likasimama langoni. Mlinzi akaja, mwanamke, ameshusha kofia mpaka machoni. Hakuwa na karatasi wala kalamu. Aliinama kwenye dirisha la nyuma, akaegemeza mikono yake mitupu, akatulia.

Mama akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu, ile siku watu walijaa nyumbani. Nani alikufa?"

Mazungumzo yakakatika garini. Kofia pana zikageuka nyuma, moja baada ya nyingine. Fundi Bomba akatazama miguu yake.

Dirishani, chini ya ile kofia, mvuke mwembamba ulianza kutoka.

Fundi Mapazia akaushika mkono wa mama, akaanza tangu mwanzo, kwa sauti ya kutosha gari zima.