Moshi wa Bluu kwenye Njia ya Lukafu

Hakuna moteri inayomshinda Précieux. Ulizeni motard yeyote wa mtaa wetu wa Hewa Bora. Kijana huyo ananusa moshi tu, anakutajia ugonjwa wa moto yako, hiyo pikipiki unayoiendesha, pamoja na jina la aliyekuuzia. Mimi namjua vizuri, maana ndiye mimi. Lakini kwa habari hii tumwite "yeye". Ushujaa ukisimuliwa kwa "mimi" unafanana na majivuno.

Basi, ilikuwa mwezi wa kumi, lile jua linalounguza kabla ya mvua. Simu ikapigwa kutoka Lukafu: tantine Chilufya, aliyemlea Précieux na dada yake Syntiche tangu mama yao afariki, ameumwa na kifutu shambani. Mguu umevimba mpaka pajani, na dawa ya sumu ya nyoka imekwisha huko. Syntiche, dada mkubwa, Yaya wake, ni infirmière, muuguzi wa hospitali. Alizunguka mjini mpaka akapata chupa za serum hiyo, akazilaza kwenye glacière, kisanduku kidogo cha baridi, katikati ya barafu. Halafu wakasikia kwamba camion ya mizigo imelala juu ya daraja na gari hazipiti.

Papa Kataliko, mfanyabiashara wa Butembo anayetengenezewa moto zake na Précieux, akawatolea quad yake ya shamba, ile yenye magurudumu manne manene.

"Précieux, hii haiko moto," akamwonya.

"Papa, moteri ni moteri."

Akapima huile, yale mafuta ya kulainisha moteri, palepale, namna motard wote wanavyopima: akafungua jauge, kile kifuniko chenye kijiti, akakifuta, akakigusisha tu tunduni bila kukikaza, akakitoa. Huile ilionekana chini ya alama. Akamimina. Ikaonekana bado chini. Akamimina tena, wakaondoka.

Walipopita Kinsevere waliacha njia kubwa ili kulikwepa lile daraja, wakaingia vijia vya wachoma makala, wale wauza makaa. Moto wa pori ulikuwa umepita huko; majani yote meusi, ardhi ngumu, vumbi jekundu. Hapo ndipo moshi wa bluu ulipoanza kuwafuata. Précieux akasimama, akapima. Huile chini.

"Iko inakula huile," akasema, akamimina.

Mbele kidogo moshi ukazidi. Akapima, akamimina. Kila aliposimama aliutafutia ugonjwa jina jipya: kwanza joto, halafu soupapes, zile vali za moteri, halafu huile ya magendo. Syntiche nyuma yake alikohoa, glacière mapajani. Mwishowe moteri ikapiga chafya, ikatetemeka, ikazima. Simu haikuwa na réseau. Hakuna kijiji, hakuna hata mchoma makala mmoja.

"Iko nini sasa?" Syntiche akauliza.

"Segments. Zile pete za piston zimelika. Huile inapanda juu, inaungua."

"Utazitengeneza?"

"Hapa? Na nini, Yaya? Na meno?"

"Wakati wa kujisifu huwa uko nayo mengi."

Précieux akapiga gurudumu teke. Gurudumu halikuumia, kidole chake ndicho kilichoumia. Akachechemea kuizunguka quad, akaitukana yenyewe, kiwanda chake, na fundi aliyekaza boulon ya kwanza. Kisha akafungua bougie, ile plagi ya cheche. Ilitoka nyeusi, imelowa huile. Akaziba tundu lake kwa kidole gumba.

"Vuta kamba ya kuwashia. Kwa nguvu!"

Syntiche akavuta. Pumzi ya moteri ikakirusha kidole juu kwa mlio. Wakarudia, kikaruka tena. Badala ya kufurahi, Précieux akakasirika zaidi. Segments zilizochoka hazisukumi hivyo. Ugonjwa aliokwisha kuutangaza kwa sauti kubwa haukuwapo.

Akafungua sanduku la filtre ya hewa. Ndani huile imetuama kama mchuzi, na sponji ya filtre imeloana yote.

"Inatokea wapi?" Syntiche akauliza.

"Ningejua, tungekuwa tumekaa hapa?"

"Usinifokee. Maji inabakia nusu chupa, na barafu iko inayeyuka. Tantine hangojee hasira yako."

Précieux akakaa chini kwenye majivu, mikono juu ya magoti.

"Lukafu iko upande gani?" akauliza tena Syntiche.

Précieux akaonyesha kwa kidevu ule mgongo wa Kundelungu, wa bluu kwenye moshi. "Mlima ubakie mkono wa kuume. Mbali, Yaya. Kwa miguu utafika kesho."

"Basi nifike kesho."

Akakunja kitambaa kichwani, akajitwika glacière. Upepo ulikuwa umeinua vumbi, na jauge ilikuwa imewekwa ovyo juu ya tundu lake. Syntiche hawezi kuona kitu kimeachwa wazi. Hospitali ndivyo ilivyomzoeza. Akaikaza kwa mkono mmoja, mpaka mwisho, kama kifuniko cha chupa ya dawa. Akaenda.

Précieux akamtazama akipungua kwenye majani meusi. Akataka angalau kuwa na haki juu ya jambo moja: kwamba huile imekwisha. Akaifungua ile jauge iliyokazwa, akaivuta.

Huile ilikuwa imepita alama zote, imepanda mpaka shingoni.

Akakitazama kile kijiti muda mrefu. Jauge ya moto unaigusisha tu. Ya quad hii inapimwa ikiwa imekazwa. Moteri haikuwa na njaa hata kidogo. Ilikuwa imeshiba mpaka inatapika: huile ilikimbilia kwenye mpira wa kupumulia, ikaingia kwenye filtre, ikavutwa ndani, ikaungua. Na yeye, kila ilipotapika, aliilisha tena.

"Yaya! Rudi! Ni mimi! Ugonjwa ni mimi!"

Alijilaza chini ya tumbo la quad kwa pupa, akalegeza boulon ya kumwagia huile. Huile inayounguza ikamjaa kiganjani. Alipiga yowe mpaka Syntiche akarudi mbio, akashika mkono ule na kuumwagia maji polepole.

"Acha, Yaya! Tutakunywa nini?"

"Nyamaza. Huu mkono njo utatufikisha."

Akaufunga kwa kitambaa cha kichwani. Wakaacha huile ishuke, wakakaza, wakapima vizuri safari hii, mpaka ikatulia katikati ya alama. Sponji wakaiosha kwa petroli, wakaikamua, wakaipunga mpaka ikauka. Bougie wakaifuta na kuikwangua kwa kisu. Syntiche ndiye aliyevuta kamba. Moteri ikakohoa wingu zima, wakafumba macho. Halafu wingu likapungua, likawa uzi, likakatika.

Waliingia Lukafu jua likigusa miti, midomo imepasuka, hawana mate ya kuzungumza. Barafu ilikuwa imekuwa maji, lakini ya baridi bado. Syntiche akaruka na glacière kabla quad haijasimama.

Tangu siku ile Précieux, mtu akimletea mashine, anauliza kwanza jauge yake inapimwaje. Vijana wa Hewa Bora wanamcheka. Anaendelea kuuliza.

Na pale Lukafu, wakati sindano inaingia, Précieux hakuingia ndani. Alibaki uani, ametulia, akipima huile kwa mkono mmoja, kama mécano anayejua kazi yake, bila wasiwasi wowote...

"Bongo!"

Huyo ni tantine Chilufya, ananiita mwongo. Nilisahau kwamba yuko hapa uani kwetu, kwenye kiti chake, mguu juu ya kigoda, anasikiliza pamoja nanyi.

"Bongo tupu! Dirisha ilikuwa wazi, nikakuona. Ulipiga magoti nyuma ya ile kintu, machozi mpaka kwenye kidevu, unasali Salamu Maria. Ukifika katikati unasahau, unarudi mwanzo. Ukifika katikati, unarudi mwanzo! Mimi nko nakufa, nikamwambia Syntiche: acha kwanza hiyo sindano, enda umufundishe huyu mutoto sala."