Kopo la Oili la Siafu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Siafu alifunga trei za mayai kwenye pikipiki ya mama yake. Hakuna aliyeiweza kazi hiyo kama yeye. Alikuwa na vipande virefu vya tyubu kuukuu. Alivipitisha juu ya trei, akavishusha chini ya kiti, akavizungusha kwenye vyuma vya fremu, kisha akavivuta kwa nguvu zake zote mpaka meno yakaumana. Mama akijaribu kuutikisa mzigo, mzigo ulitulia tuli. Baada ya hapo mama alivaa kofia yake ngumu, akapiga kiki, akaondoka kuwapelekea mayai wenye maduka na migahawa.

Siafu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama ndiye aliyempa, kwa sababu tangu akiwa mdogo, akishang'ata haachii. Ukimkosea leo, mwezi ujao utamkuta bado anakumbuka, tena vizuri kuliko wewe uliyemkosea.

Pikipiki yenyewe haikuwa mpya. Mama aliinunua kwa akiba yake yote kutoka kwa kinyozi mwenye banda mwisho wa mtaa. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Halafu doa jeusi likaanza kuonekana sakafuni, chini ya injini, upande wa gia. Mama akaongeza oili. Doa likarudi, kubwa kuliko la kwanza. Siafu alijua maana yake, kwa kuwa mama alikuwa amemwambia waziwazi: injini ikikaukiwa itakufa, na ikifa, mayai yatawaozea ndani na chakula kitakuwa cha kubahatisha.

Mama akaenda kwa kinyozi kuuliza kwa ustaarabu, Siafu akimfuata nyuma. Benchi la wateja lilikuwa limejaa.

"Kaka, ile pikipiki inavuja oili," mama alisema. "Ulipokuwa nayo ilikuwa hivyo?"

Kinyozi hakuzima hata mashine yake. "Kwangu haikudondosha hata tone, dada. Labda haipendi mayai."

Benchi zima likaangua kicheko. Aliyekuwa akinyolewa alicheka mpaka ikabidi kichwa kishikwe asije akakatwa. Mama aligeuka akaondoka. Njiani Siafu alimwona akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akijifanya ni vumbi.

Siku hiyo Siafu aliapa moyoni kwamba kinyozi atalipa. Aliacha kumwamkia. Alipokutana naye njiani alitazama ukutani, naye kinyozi akabaki na "marahaba" yake mdomoni. Bombani, penye foleni ya ndoo na masikio mengi, alimweleza kila aliyetaka kusikia, na hata asiyetaka, kwamba kinyozi ni tapeli: aliosha injini iking'ae, akaficha ubovu, akamuuzia mjane. Maneno yalisambaa upesi, na yaliporudi kwake yalikuwa yameota mbawa na mkia. Siafu hakuyapunguza.

Lakini maneno hayakumtosha. Alitafuta kopo tupu la rangi, akaliweka chini ya injini kila jioni.

"Afadhali mwanangu una akili," mama alimsifu. "Sakafu haitachafuka."

Siafu hakumwambia kwamba hakuliweka kwa ajili ya sakafu. Kila alipochungulia kopo na kuona oili imepanda, alifurahi, furaha ya ajabu kwa mtoto ambaye chakula chake kilikuwa kikivuja humo humo tone kwa tone. Mama alipomwambia, "Jumamosi tutaipeleka kwa fundi," kitu pekee alichowaza ni kwamba kopo linapaswa kujaa kabla ya hapo.

Ijumaa mchana, kinyozi alipofunga banda akaenda kula, Siafu alipita na kopo lake chini ya sweta. Ngazi ya mlangoni ilikuwa imepakwa rangi nyeupe wiki ile ile. Akaimwagia yote. Oili ilitambaa polepole ikashuka hadi kwenye kokoto, naye akasimama kuitazama kwa raha kabla ya kukimbia. Usiku huo alilala fofofo.

Kesho yake walikokota pikipiki hadi gereji. Fundi alikuwa mcheshi, mtaani walimwita Daktari kwa sababu aliweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza kama mtu anayepima kifua.

"Oili ni mjanja," alimwambia Siafu. "Inatokea huku, inateremka, inadondokea kule. Ukifuata tone utapotea. Kwanza tunamwogesha mgonjwa."

Akaisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, akaifuta mpaka ikakauka. Kisha akasema anahitaji poda ya kuinyunyizia, ili penye kuvuja palowe na kuonekana.

"Kimbia kwa kinyozi ukaombe," mama alimwambia Siafu. "Kwake haikosekani."

Siafu alikwenda kwa kujikokota. Alimkuta kinyozi amepiga magoti mlangoni, anasugua ngazi kwa mchanga na sabuni. Benchi lilikuwa tupu.

"Shikamoo," Siafu alisema, kwa kuwa safari hii hapakuwa na ukuta wa kutazama.

"Marahaba. Usikanyage hapo, utateleza; oili hii nasugua tangu jana haitoki. Mzee mmoja nusura avunjike kiuno asubuhi. Wenzake wameona bora wakanyolewe kwingine." Kinyozi alijifuta jasho. "Pikipiki bado inavuja?"

"Bado. Fundi anaomba poda."

Kinyozi aliingia ndani akatoka na kopo zima la poda. "Siku ile nilitafuta kicheko kwa watu, nikakipata kwa kumdhihaki mama yako. Haikuwa haki. Nakuja nimwombe radhi."

Siafu aliichukua poda akaondoka haraka. Radhi haizibi tundu, alijiambia. Ngoja injini ioneshe, aumbuke mbele ya wote.

Fundi aliipaka injini poda ikawa nyeupe, akapiga kiki, akaiacha ingurume. Kinyozi naye alifika, akasimama pembeni na mikono yake yenye sabuni. Wakangoja. Poda ikabaki kavu kabisa. Fundi aliinama kushoto, akainama kulia, akakuna kichwa.

"Kwangu haivuji, kwenu inavuja," alisema. "Kuna kitu mnachoifanyia ambacho mimi sijaifanyia. Ikitembea inakuwaje?"

"Inakuwa na trei za mayai," mama alijibu.

"Basi fungeni trei."

Trei tupu zilikuwepo. Siafu alitoa tyubu zake kwa majivuno, akapitisha juu, akashusha chini ya kiti, akazungusha kwenye fremu, akavuta. Fundi akapiga kiki tena. Injini ilinguruma kwa muda. Halafu karibu na gia poda ikaanza kuwa kijivu, ikalowa, na tone jeusi likajitokeza.

Siafu aligeuka kumtazama kinyozi. "Umeona?"

Fundi hakumtazama kinyozi. Alikuwa anafuata tyubu kwa kidole, kuanzia kwenye trei hadi chini ya kiti, na hapo kidole kikasimama. Kati ya tyubu na chuma cha fremu palikuwa na mpira mwembamba uliotoka kwenye injini, umebanwa ukawa bapa.

"Huu ni mpira wa kupumulia," alisema. "Injini inapumua kama wewe. Ukiiziba, hewa inajaa ndani, inatafuta pa kutokea, inaisukuma oili nje kupitia kwenye sili, ile pete ya mpira inayoizuia. Mchana inasukumwa nje, jioni inadondoka." Akaikata tyubu kwa kisu. Hewa ikatoka kwa mlio mfupi. "Nani hufunga mzigo huu?"

Mama alimtazama Siafu, kisha akamtazama kinyozi. "Kaka, tumekuonea," alisema kwa upole. "Nimesikia yanayosemwa bombani. Samahani sana."

"Ni mimi wa kuomba samahani, dada. Nilikucheka."

Walikuwa tayari wanapatana, na Siafu angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ni nani aliyemwaga oili ya ngazini. Lakini alikuwa anaitazama mikono ya kinyozi, iliyochubuka kwa mchanga, na chuki yote aliyoilea kwa siku zile haikuwa tena na mtu wa kumwendea.

"Oili ya mlangoni kwako nilimwaga mimi," alisema. "Na ya bombani niliyasema mimi."

Uso wa kinyozi ulibadilika. "Nilijua ni adui," alisema. "Usiku mzima nimekaa nikiwaza nani, na nitamfanya nini. Kumbe ni mtoto." Hakujaribu kuificha hasira yake.

Fundi alibadilisha sili na kumwonesha mama njia nyingine ya kupitishia tyubu. Injini ilinguruma tena na mzigo ukiwa juu, na poda ikabaki nyeupe. Lakini Siafu hakuwepo kuiona. Alikuwa mlangoni kwa kinyozi, amepiga magoti, anasugua mpaka jua likageuka, huku wapita njia wakimtazama. Mama alipofika alichutama kando yake.

"Najua ulikasirika kwa kunipenda," mama alisema. "Lakini mimi nilitaka oili iache kuvuja, wewe ukataka mtu wa kumlipizia kisasi. Siku zote ulizoweka kopo pale chini, hukuwahi hata mara moja kuinua macho ukaangalia inatoka wapi. Ungeangalia, ungeuona mkono wako mwenyewe. Na mzee wa watu angevunjika kiuno, tungemwambia nini?"

Siafu aliendelea kusugua.

"Ukimaliza hapa, chukua ndoo uende bombani. Maneno uliyapeleka mwenyewe, kayarudishe mwenyewe. Hayo mimi siwezi kukusaidia kuyasugua."

Bombani foleni ilikuwa ndefu. Jirani mmoja mwenye sauti kubwa alimwona akaanza kucheka kabla hajafika. "Haya Siafu, tueleze. Tapeli wako amefanya nini tena?"

Siafu aliiweka ndoo chini. "Si tapeli," alisema. "Aliyeiharibu pikipiki ni mimi." Kisha akawasimulia yote tangu mwanzo, hata la kopo, wala hakuondoka mpaka wa mwisho kwenye foleni aliposikia.