Baiskeli ya Kwenda Issuna

Kila Jumamosi, Luciana alikuwa akimaliza kufagia uwanja na kuosha vyombo kwa haraka ya mtu anayesubiriwa mahali. Hakuna aliyemsubiri. Alikuwa anakimbilia kibanda cha Chrispin, muuza baiskeli za mtumba pale Mandewa, mjini Singida, kwenda kuzikodolea macho. Wasichana wengine wa miaka kumi na mitatu huota viatu vipya. Huyu aliota gia.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita hakwenda peke yake. Alifuatana na shangazi yake, Severina, aliyekuwa amemwahidi baiskeli. Bibi Marietha, mama yake Severina, aliishi peke yake kijijini Issuna na miguu yake ilikuwa imechoka. Ndugu walikuwa wamekubaliana ahamie mjini. Gari la kumchukua lingefika Jumapili ya wiki iliyofuata. Severina alitaka afike siku moja kabla, kwa baiskeli, akipita njia ya vumbi ya zamani, na mtoto wa kaka yake akiwa naye.

"Baba alikuwa akitoka Issuna kwenda Singida na alizeti, anarudi na mchele na sukari," alisema Severina. "Siku hizo njia nzima ilikuwa kengele tupu, pikipiki huzioni. Na hakuna aliyerudi nyumbani na keria tupu. Ilikuwa aibu. Mama atawaaga majirani wake kwa chakula, na mchele wake ametaka utoke mjini kwa baiskeli, kama zamani."

Chrispin aliwatolea baiskeli mbili. Ya kijani, iliyopauka rangi, ilikuwa na springi mbele tu. Nyuma ilikuwa chuma kitupu. Ya nyekundu ilikuwa na springi mbele na nyuma, na ukiikalia ilishuka na kupanda taratibu kama godoro jipya. Moyo wa Luciana ukaangukia hapo.

"Nyekundu ni tamu kwenye mawe, sikatai," alisema Chrispin. "Lakini gurudumu lake la nyuma linapanda na kushuka, kwa hiyo keria nimeifunga kwenye chuma cha siti. Zunguka nayo mtaa ikiwa na mzigo, halafu uniambie ukweli."

Akamfungia kiroba cha mchanga. Luciana akazunguka. Kwenye shimo la kwanza akasikia *krrr*. Akashuka, akainama. Mzigo ulikuwa umeikandamiza springi, tairi likapanda na kusuguana na keria. Mpira ulikuwa na mchubuko. Akatazama huku na huku, hakuna aliyemwona. Akaufuta mchubuko kwa mate, akarudi akitabasamu.

"Haigusi kitu?" Severina aliuliza.

"Haigusi, shangazi. Iko safi kabisa." Severina akailipia.

Waliondoka Jumamosi iliyofuata kabla jua halijachomoza. Luciana alibeba mchele na Severina sukari pamoja na maji. Baiskeli ya Severina mwenyewe ilikuwa ya springi ya mbele tu, kama ile ya kijani ya kibandani, na dumu la maji alikuwa amelifunga katikati ya fremu kwa mipira ya tyubu. Upepo wa Singida, ambao hauna adabu mwezi wa sita, uliwapiga usoni.

Mwanzoni Luciana alielea juu ya mawe. "Shangazi, unatetemeka kama debe!" alimtania.

"Ngoja mlima, mama," Severina alimjibu.

Mlima ulikuja. Kila Luciana alipokanyaga pedeli, baiskeli ilibonyea kwanza ndipo ikasogea, na nguvu zake zikaishia kwenye springi. Tena ile *krrr* ikarudi. Basi akawa kila anapoliona shimo anapaza sauti kuimba nyimbo za kwaya ili shangazi yake asisikie. Severina alidhani mtoto amefurahi sana, naye akaitikia. Alimwonyesha mwamba ambao baba yake alikuwa akisimama kupumzika, na mahali palipokuwa na kisima ambapo siku hizi pamejaa mchanga. Alisema hayo akicheka, lakini macho yake yalikuwa na machozi, na Luciana akaona vibaya zaidi.

Walipokwishaipita Ikungi, tairi likapasuka kwa kishindo. Mchele ukalala upande. Pale palikuwa na mashamba yaliyovunwa pande zote mbili, na hapakuwa na nyumba.

Severina akaligeuza gurudumu polepole. Tairi lilikuwa limelika kama limepigwa tupa. "Hili halikuanza leo," alisema.

Luciana aliona kuwa anaweza kusema ni mawe. Kisha akamtazama shangazi yake usoni, akashindwa. "Nililiona siku ile ile, shangazi. Lilikuwa linasugua. Nikanyamaza kwa sababu niliitaka hiyo nyekundu."

Severina hakumgombeza. Alikaa chini pembeni ya njia, akaweka mikono magotini. "Leo ndiyo mara yangu ya mwisho kufika pale nikamkuta mama yangu mlangoni," alisema. "Na majirani wanasubiri mchele." Luciana akalia. Angepigwa, isingemuuma hivyo.

Lakini kulia hakuzibi pancha. Severina akainuka, akatoa gundi na viraka. Walikata kipande cha tairi kuukuu walichobeba, wakakilaza ndani kuliziba tundu, wakajaza upepo. Baiskeli nyekundu haikuweza tena kubeba kitu. Mchele ukahamia kwenye keria ya Severina, ile iliyoshikwa na chuma kisichocheza. Sukari haikupata nafasi, basi Luciana akaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga. Mama mmoja waliyempita akipura uwele alimpa pole kwa kubeba mdogo wake mbali hivyo. Severina alicheka hadi akasimamisha baiskeli, na Luciana akapumua kwa mara ya kwanza tangu pancha.

Waliingia Issuna jua likizama. Bibi Marietha alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo, na majirani wamekaa uani kwenye mikeka.

"Shikamoo bibi," alisema Luciana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilijua mtafika. Niliwaambia hawa, sufuria ibaki motoni." Severina aliangusha baiskeli, akamkumbatia mama yake. Mchele ukapikwa. Watu wakala, wakazungumza Kinyaturu na Kiswahili, wakakumbushana waliotangulia.

Asubuhi, kabla gari halijafika, Bibi alisema anatamani kuliaga shamba lake, ila miguu haimfikishi. Luciana akaitazama baiskeli nyekundu iliyoegemezwa ukutani, kisha akaenda kuileta ya shangazi. Akakunja kanga, akaitandika kwenye keria.

"Karibu, bibi. Hii haibonyei."

Bibi alikaa upande, kama wanawake wa zamani wanavyokaa. "Babu yako, Simeoni, alinitoa kwetu Ilongero nikiwa bibi harusi, nimekaa hivi hivi," alisema. Severina akashika usukani, Luciana akasukuma nyuma, na wakati wanazunguka mipaka ya shamba alimweleza bibi yake yote, kuanzia kiroba cha mchanga.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Springi si kosa," alisema. "Anayekwenda bila mzigo aifurahie. Lakini kwa safari ndefu chombo huchaguliwa kwa mzigo na njia, si kwa makalio ya mpandaji. Na wewe hukukosa kujua, mjukuu wangu. Ulijua, ukaficha. Kosa ukilisema kibandani, linatengenezwa kwa spana. Ukilificha, linakungoja porini, tena na watu usiotaka waumie."

"Nikirudi nitamwambia Chrispin mwenyewe," alisema Luciana. "Nitamwomba anibadilishie kwa ile ya kijani."

"Utamwambia na jinsi ulivyoliharibu tairi."

"Ndiyo, bibi."

Walifika kwenye kona ya mwisho, palipokuwa na mabua ya alizeti. Barabarani honi ya gari ikalia. Severina akageuza usukani kuelekea nyumbani, lakini Bibi akainua mkono.

"Bado," alisema. "Nizungusheni mara moja tena."

Luciana akaishika keria kwa mikono miwili, akasukuma.