Senene wa Chini ya Kopo

Kila asubuhi ya likizo ya Desemba, Kokulinda alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akapiga deki sebuleni. Nyumba yao ilikuwa Mkolani, Mwanza, kwenye kilima chenye mawe makubwa kiasi kwamba mama yake alianika nguo juu ya mawe badala ya kamba. Kazi zenyewe hazikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kwamba kila kazi ilimpitisha mbele ya kabati la jikoni, na ndani ya kabati kulikuwa na kopo.

Lilikuwa kopo kubwa la plastiki, lililoletwa na abiria wa meli ya Bukoba. Bibi Josepha alikuwa amelijaza senene wa kukaanga, wakavu, wenye chumvi na harufu inayopenya mfuniko. Kila mwaka msimu ulipofika, Bibi alikaa barazani kwake akawachambua panzi hao mmoja mmoja, akitoa mabawa na miguu, akawakaanga na kuwatuma Mwanza kwa ajili ya Krismasi.

"Hawa ni wa sikukuu," Baba alisema siku kopo lilipofika. "Jumuiya yetu itakula pamoja baada ya misa, kila nyumba na chakula cha kwao. Mwaka huu Mzee Maige lazima aonje senene. Koku, wewe ndiye mtunzaji. Asiliguse mtu."

Kokulinda alifurahi kuaminiwa. Akaona pia kwamba mtunzaji mzuri lazima ahakikishe mali haijaharibika. Alipomaliza kufagia, akaonja wawili. Hawakuwa wameharibika. Baada ya vyombo akaonja tena, maana jua lilikuwa limepanda na joto huharibu vitu. Alipopiga deki akaonja kwa sababu tu alikuwa anapita.

Siku ya kuamkia Krismasi alilitikisa kopo. Likalia kama njuga. Alipofungua, aliona senene wachache wamejikusanya chini.

Rafiki yake Odeta, mjukuu wa Mzee Maige, aliingia jikoni akipuliza puto.

"Mbona unalitazama hilo kopo kama mgonjwa?"

"Wamekwisha."

"Nani kawala?"

"Mimi. Lakini sikuwala kwa pamoja."

"Tumboni wamekutana," alisema Odeta. "Mwambie mama yako."

"Leo? Unataka kesho ninyimwe pilau?"

Jikoni kulikuwa na bakuli la dagaa wa kukaanga, wakavu na wekundu. Kokulinda akawatoa senene, akajaza dagaa, kisha akawatandaza senene juu yao kwa uangalifu.

"Utaumbuka," alisema Odeta.

"Watu huchota juu. Na babu yako hataki hata kuwasikia."

"Hilo ni kweli. Babu anasema kitu chenye magoti hakiliwi."

Siku ya Krismasi, baada ya misa, wanajumuiya walikusanyika uwanjani kwa akina Kokulinda, chini ya turubai lililofungwa kwenye mawe. Kulikuwa na pilau, ndizi kwa nyama, sato wa kukaanga, na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo mke wa Mzee Maige alivipika kwa karanga. Watoto walivaa nguo mpya zilizowapwaya, ili ziwatoshe mpaka Krismasi ijayo.

Baba akasimama na kopo mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina!"

"Miaka yote Mzee Maige amekula ndizi zangu, amekunywa kahawa yangu, lakini senene anawakimbia. Leo amekubali."

"Sijakubali," alisema Mzee Maige. "Nimechoka kusumbuliwa. Nitakula, ila nitafumba macho. Siwezi kutafuna kitu kinachonitazama."

Mzee akafumba macho. Baba akafungua kopo, harufu ikatoka, akina mama wakapiga vigelegele.

"Wa juu ni wa kila mtu," alisema Baba. "Mgeni wa heshima hupewa wa chini, walioshiba mafuta."

Akazamisha mkono wote ndani ya kopo. Soda ilimpalia Kokulinda ikamtokea puani.

Mzee Maige alifungua mdomo kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Akatafuna. Akasita. Akatafuna tena.

"Vipi?" aliuliza Baba.

"Baba Koku, hawa senene wenu wanavuliwa ziwani?"

Turubai zima likacheka.

"Mzee, acha utani!"

"Si utani. Nimekula dagaa tangu sijaota meno. Huyu ni dagaa, tena ameungua kidogo."

Mama akanyoosha shingo. Dagaa wake wa jana walikuwa wameungua kidogo. Baba akaonja, na tabasamu likamfutika. Akapiga simu Bukoba, akaiweka sauti kubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mmewala?"

"Tumewala, lakini chini ya kopo mna dagaa."

"Dagaa? Kwenye senene wangu?" Sauti ya Bibi ikawa ndogo. "Basi nimezeeka, Alexander. Kweli nilikuwa na dagaa jikoni siku ile. Haya macho sasa... Nimekutia aibu mbele za watu. Mwakani nisitume tena."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemtazama Kokulinda pia, isipokuwa Odeta. Kokulinda alikuwa amejiandaa kwa makelele, si kwa sauti ile. Alimkumbuka Bibi barazani, mabawa ya senene yamemnata kwenye gauni, akichambua kwa vidole vyembamba. Kama angenyamaza, pilau yake ingebaki salama, na Bibi angeanza kuyaogopa macho yake mwenyewe.

"Bibi!" alipaza sauti. "Shikamoo! Macho yako ni mazima. Niliwala mimi, nikaweka dagaa."

Watu wakageuka. Mama akashika kichwa.

"Uliwala wote, Koku?" aliuliza Bibi.

"Karibu wote. Nilikuwa naonja kama wameharibika."

"Na walikuwa wameharibika?"

"Hapana, Bibi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Simuni ikasikika sauti ya kukwama. Walidhani analia, kumbe Bibi alikuwa anacheka mpaka akakohoa.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema alipopumua. "Kula nakusamehe. Na mimi nilikuwa mtoto wa kupita kabatini. Lakini ulipoficha, kosa lako lilitoka hapo likaja kuniangukia mimi huku, ambaye sijui lolote. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado lako peke yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Likizo ijayo ya Desemba utakuja huku. Tutachambua pamoja, mabawa na miguu."

"Wote?"

"Wote."

"Na leo," alidakia Mama, "utaosha vyombo vya jumuiya nzima. Pilau utakula, maana umesema mwenyewe."

Kokulinda alitazama mlima wa sahani. Hata hivyo alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

"Jamani," ilisikika sauti ya Mzee Maige, "nifumbue macho au bado?"

Wakati wote huo alikuwa bado amefumba! Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika.

"Bado, mzee," alisema Baba. "Senene hujala."

Akamtilia mdomoni senene halisi. Mzee akatafuna polepole. Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akanyoosha mkono, akalivuta kopo mpaka kwenye mapaja yake.

"Nyinyi endeleeni na ndizi," alisema. "Mimi naangalia kama hawa hawajaharibika."