Mpigaji wa Saa Nane

Hebu fumba macho kidogo, uione meza. Ni meza ya fundi simu, imefunikwa kioo, na juu ya kioo kuna simu ndogo ya vibonye iliyowekwa hapo dakika moja tu iliyopita. Sasa tazama vizuri: chini yake pamelowa. Hakuna aliyemwaga maji. Na hayo si maji, kwa sababu fundi alipoinua simu, uzi mrefu wa ute ulinyanyuka nayo, ukanesa, ukakatika.

"Mama, simu hii iliingia chooni?" fundi aliuliza.

"Haijaingia popote," mama alijibu. "Inatoka jasho tu."

Mama huyo aliletwa na binti yake. Kwa mwezi mzima kampuni ya simu ilituma ujumbe: mtandao wa zamani utazimwa Ijumaa saa kumi jioni, na simu zinazoutegemea hazitapiga wala kupokea tena. Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Mama aliishi peke yake, tena alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akizidiwa, simu ndiyo njia yake ya kuita msaada. Kwa hiyo binti alinunua simu mpya, akaomba ruhusa kazini, akamkokota mama mpaka hapa.

Njiani aliliona sikio. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda hospitalini, na usaha ulikuwa umeacha kumtisha miaka mingi iliyopita. Lakini upepo ulipofunua mtandio wa mama, alirudi nyuma hatua moja. Sikio la kulia lilikuwa jeupe, limekunjamana kama kidole kilichokaa majini siku nzima. Ukingo wake ulikuwa umelika, ukabaki mwembamba kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha. Halikuwa na damu wala uchafu. Lilikuwa safi mno, kama mfupa uliofyonzwa.

Fundi huyu mtaani walimwita Taratibu. Mafundi wengine walihamisha majina yote kwa kubonyeza mara moja. Yeye aliyasoma moja moja kwa sauti, na mwenye simu akajibu "yupo" au "hayupo".

"Fundi," dereva mmoja alisema kwenye foleni, "mtandao utazimwa wewe ukiwa bado kwenye herufi B."

"Basi utaondoka ukiijua B," Taratibu alijibu. Watu wakacheka.

Jina la kwanza halikuwa jina. Ilikuwa nafasi tupu, bila namba.

"Huyu nani, mama?"

Mama aliinamisha kichwa. "Ananipigia saa nane. Kila siku."

"Anataka nini?" binti aliuliza.

"Ananiuliza nimekula nini. Nimelalaje. Ananisikiliza mpaka nimalize." Alimtazama binti yake kwa pembeni. "Ninyi mna kazi, mwanangu. Silaumu."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina. Juzi aliniomba nimpe. Anasema anakokaa kunazimwa, na asiye na jina hahamishwi."

Taratibu aliweka simu chini, akajifuta vidole kwenye suruali. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa ya chini sana, foleni isisikie.

"Marehemu baba yangu alitibu watu wa mambo haya. Majini hupenda nyumba zilizohamwa. Mtandao wa zamani umekuwa gofu, mama. Huyo amejibanza humo. Usimpe jina. Saa kumi ikifika, atazimika nao."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kamili. Simu haikulia. Ilitetemeka juu ya kioo, ikitelezea kwenye ute wake, na harufu ikapanda, harufu ya tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Mama alikuwa tayari amenyoosha mkono kuichukua. Binti aliona, akawahi, akaibandika simu kwenye sikio lake mwenyewe.

"Haloo. Mimi ni binti yake. Mwache mama yangu."

Alisikia kitu kinalamba, polepole, kama mbwa anayelamba sufuria iliyokwisha chakula, na kabla hajaelewa kwamba mlio ule hautoki mbali bali unatoka pale pale, kitu chenye joto, kipana, chenye vipele vidogo vidogo, kilipita kwenye ukingo wa sikio lake, kikazunguka, kikaingia ndani kikipapasa kama kinatafuta kitu kilichobaki, na mate yakamchuruzika shingoni mpaka kifuani huku sauti nene, ya kinywa kilichojaa, ikisema kwa upole mkubwa: "Asante."

Aliitupa simu. Akakimbilia nje, akatapika kwenye mtaro.

Aliporudi, Taratibu alikuwa anakagua orodha. Nafasi tupu haikuwepo tena.

"Ameondoka," alisema, akijifuta tena vidole kwenye suruali. "Tumalizie." Akaendelea na majina, yupo, hayupo, mpaka akafika: "Binti?"

"Yupo," mama alisema.

"Binti, tena?"

Binti alikuwa anasugua sikio kwa spiriti. Alitaka kwenda nyumbani kuoga. "Zote zangu, fundi. Nina laini mbili. Hamisha."

Fundi akahamisha.

Saa kumi vijistari vya mtandao vilipotea kwenye simu ya zamani. Katika vitundu vya spika ukasukumwa nje uji mzito wa kijivu, wenye nywele nyeupe za mama ndani yake. Ulitoka mwingi kuliko simu ndogo ingeweza kubeba. Dereva wa foleni hakuwa na mzaha tena. Taratibu aliuzoa kwa kadibodi, akauchoma nyuma ya duka, na moshi wake ulinata kooni.

Binti alijiapiza kwamba kuanzia siku hiyo atampigia mama kila siku. Juma lililofuata alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo alipiga jioni kabla ya kwenda kazini, na mama alikuwa mchangamfu. Jumatatu ya pili alipata nafasi mapema, saa nane na nusu.

"Wewe tena?" mama alicheka. "Si tumeagana sasa hivi?"

"Sijakupigia leo, mama."

"Umenipigia saa nane, kama kawaida yako. Jina lako limeandikwa kabisa. Umeniuliza nimekula nini. Ila hayo mafua yako nenda kayatibu, unaongea kama mdomo umejaa mate."

Binti aliketi sakafuni. "Mama. Lishike sikio lako, uniambie likoje."

"Lipi? La kulia limepona, limejaa vizuri," mama alisema. "Ni hili la kushoto tu linaloloweka mto."

Basi nami nakuomba kwa upole, unaponunua simu mpya na kuiaga ya zamani, ukumbuke jambo moja tu. Ukipokea simu na humjui aliyepiga, usijitaje. Nyamaza, umwache yeye aanze kusema ni nani.