Tangazo Kutoka Redio ya Pijo

Redio ya gari haiongei bila betri. Hilo halihitaji chuo. Ndiyo maana Gervasi, fundi redio wa Mwanga, alipoisikia ile ya mteja wake Hamdani ikikohoa mezani alasiri ile, nyaya zake zikining'inia hewani, kwanza aligeuka kutazama mlangoni. Hakukuwa na mtu.

Hamdani wa Ujiji alikuwa anaifufua Pijo 404 ya marehemu baba yake, na kwa kuchagua alikuwa mgumu kuliko mtu anayetafuta mchumba. Hakutaka redio za siku hizi zenye taa za disko. Alitaka ya rika la gari lenyewe, ya vitufe na mshale unaotambaa. Gervasi aliisaka mpaka akaipata Mwamgongo, kijiji cha kufika kwa boti, ambako mzee mmoja aliisikilizia nyumbani hadi alipofariki. Mjane wake aliitoa bure.

"Ichukue, mwanangu," alisema. "Ila usiifungue."

Kumwambia fundi asifungue redio ni sawa na kumwachia paka dagaa wa mwaloni Kibirizi awalinde. Aliifungua mara tu alipofika kibandani. Nyuma ya spika alikuta kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu na kuzibwa kwa nta. Akacheka. Mafundi wa vijijini wakikosa skrubu hukaza spika kwa chochote, matambara, magome, hata kipande cha kandambili. Akakitupa kwenye jiko la mkaa alilopashia chuma cha kulehemu. Kibanda kizima kikanuka marashi, na chini ya marashi, samaki aliyeoza.

Na sasa ilikuwa inakohoa. Kisha ikaanza kusoma, kwa sauti nzuri ya taratibu ya watangazaji wa zamani:

"Bwana Elikana wa Mwamgongo anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake, Nikodemu, mchukuzi wa Kibirizi. Habari ziwafikie wanawe, popote walipo."

Nani asiyeyajua matangazo ya vifo? Gervasi alikua nayo, nyumba nzima ikinyamaza ghafla, kijiko cha mama yake kikisimama sufuriani, kila mtu akiomba jina lisiwe la kwao. Lakini Nikodemu alikuwa amepita kibandani asubuhi hiyo hiyo, mzima, akimtania kipara chake. Jioni ndipo habari ilipoletwa kwamba gunia limemwangukia, amekufa. Gervasi hakula.

Kesho yake mkewe, Verediana, alimletea chakula cha mchana. Hajafunua bakuli, ile harufu ikarudi.

"Ndugu Gervasi, fundi wa Mwanga," redio ilisema, "anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpenzi..."

Gervasi alizikata nyaya za spika kwa meno. Tangazo likaishia njiani.

"Mawe, mama yangu!" Verediana alinong'ona. "Baba Recho, ni mimi huyo?"

"Usiseme kitu, Mama Recho. Nakuomba."

Alimpenda mwanamke yule, na hakuwa amewahi kuogopa namna ile.

Bibi Yasmini, mganga wa Ujiji, aliitwa na kuja na chetezo chake. Alifukiza ubani, akaibembeleza redio, akaifokea, hadi jini lililokuwamo ndani likataja jina lake: Nyamaziba, wa ziwani.

"Ulichokichoma kilikuwa kufuli yake," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Sasa tangazo limeanza, na lililoanza litamalizwa. Rudisha spika. Akifika kwenye jina, mwahi. Mtaje yeye, Nyamaziba, badala ya mkeo."

"Nikichelewa, bibi?"

"Unaye mwingine kama huyu?"

Gervasi alilehemu huku risasi iliyoyeyuka ikimdondokea mapajani asiisikie, Verediana amemshika shati kwa nyuma, moshi wa ubani umejaa kibandani na chini yake ile harufu ya samaki ikipanda, mpaka waya wa mwisho ukashika na ile sauti nzuri ikaendelea pale pale ilipokatiwa, bila haraka, kama iliyokuwa inamsubiri:

"...mke wake mpenzi, V..."

"Nyamaziba!" Gervasi alipiga kelele. "Kifo cha Nyamaziba!"

Redio ilipiga ukelele. Maji meusi yakabubujika kutoka kwenye spika, yakakauka mezani. Harufu ikaondoka. Verediana akamwangukia kifuani akilia, naye Gervasi akamkumbatia, akalia pia, na kwa furaha ile mdomo ukaendelea wenyewe, kwa mazoea ya mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kusikia tangazo likiachwa nusu:

"Habari ziwafikie wanawe, popote walipo."

Kiganja cha Bibi Yasmini kilimziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Rafuni kulikuwa na redio za wateja zikisubiri matengenezo, hazina betri, nyingine hazina hata spika. Ya juu kabisa ikakohoa.

"Habari za mama zimetufikia," ilisema kwa sauti ya mtoto. "Kafa kwa zamu ya mwingine."

Ikakohoa ya pili, na ya pembeni yake, na zile za chini, mpaka rafu nzima ikatetemeka kwa vikohozi vidogo vidogo. Kisha zote zikauliza kwa pamoja, kwa adabu:

"Verediana ni yupi?"