Picha Zilizokwenda Butiama

Jumamosi asubuhi Judith alikuwa kibarazani kwake, Kamunyonge, mjini Musoma, anashona mashati ya kwaya. Kompyuta ndogo ilikuwa wazi pembeni ya cherehani. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kola, naye alikuwa anaiiga. Ndani, mume wake Benson alikuwa anakunywa chai kwa haraka. Alitaka kuwahi dukani kwake, anakouza vipuri vya pikipiki.

Nyumba ilikuwa na amani, ukiacha jambo moja. Walikuwa na miaka saba katika ndoa na hawakuwa na mtoto. Na kwetu huku, mtoto asipopatikana, lawama inakwenda moja kwa moja kwa mwanamke. Watu hata hawaulizi. Inaniudhi kuliandika, lakini ndivyo ilivyo.

Ukweli ulikuwa mwingine. Wote wawili walikuwa wamepimwa hospitalini Mwanza. Judith alikuwa mzima. Tatizo lilikuwa kwa Benson, mbegu zake zilikuwa chache. Daktari alisema lina tiba, ila inataka muda. Siku ile Benson alilia njia nzima.

"Judith, nakuomba," alisema. "Asijue mtu. Hasa kule nyumbani Butiama."

Judith alikubali. Tangu hapo alisemwa kila mahali kwa kosa ambalo si lake, na alinyamaza. Benson alizipiga picha karatasi za vipimo, akaziweka picha kwenye kompyuta, kisha akazichana karatasi zenyewe. Aliona amezificha vizuri sana. Kumbe!

Simu ya Benson ikaita. Alikuwa na andazi mkononi, akaiweka simu mezani na kuwasha spika. Aliyepiga ni Stanislausi, kaka yake mkubwa. Huyu ni mwalimu mstaafu anayeishi Butiama. Tangu baba yao afariki, neno lake ndilo neno la ukoo.

"Shikamoo kaka," Benson alisema.

"Marahaba. Niko hapa Bunda, nasubiri gari. Sikiliza. Ile kompyuta yangu siielewi. Inaniletea mapicha ambayo sijapiga mimi. Mara vitenge, mara kola za mashati, kama anazoshona mke wako. Jana nimeona na makaratasi ya hospitali!"

Kibarazani, cherehani ilinyamaza.

"Sikuyasoma," Stanislausi aliendelea. "Maandishi madogo, na miwani yangu imevunjika. Tena kila nikifungua, matangazo ni ya dawa za uzazi tu. Huyo mke wako ndiye anatafutaga hizo dawa, au siyo? Sasa si nilichosema siku zote? Leo nikifika naichukua kompyuta nyumbani, naipeleka kwa Elias pale senta. Atayakuza hayo maandishi, tujue huyo mwanamke ana nini. Kesho baada ya misa tunakuja huko na wazee. Tumechoka kusubiri. Utaoa mke wa pili."

Simu ikakatika.

Elias ana duka la kuchapa na kutoa kopi, katikati kabisa ya senta, penye maduka ya Butiama. Watu wanajazanaga pale tangu asubuhi. Karatasi ikisomwa kwa Elias, jioni imeshafika kila nyumba.

Benson alitoka mbio, akaifunga kompyuta kwa kishindo na kuikumbatia.

"Naenda kuitupa ziwani!"

"Ukiitupa ziwani ndiyo picha zitarudi kutoka Butiama?" Judith alimkabili. "Mimi nimesemwa miaka yote hii, Benson. Nimeitwa mgumba kanisani, nimeitwa mgumba sokoni. Sasa zile karatasi zina jina lako. Kaa hapa. Usiguse kitu."

Alitoka pekupeku mpaka nyumba ya pili. Hapo anaishi Mwalimu Euphrasia, anayefundisha kompyuta kwenye chuo kimoja kule Kigera. Mwalimu alikuwa anaanika nguo. Judith alimwambia kila kitu pale pale kwenye kamba, kwa pumzi moja. Euphrasia hakucheka, wala hakusema pole ndefu. Aliacha beseni na kumfuata.

"Hii kompyuta ilifunguliwa kwa akaunti ya nani?" aliuliza alipoketi.

Benson alieleza. Kaka yake ndiye aliyenunua kompyuta mbili Bunda, moja yake, moja zawadi kwao. Muuzaji alitaka barua pepe ya kuziwashia. Benson alikuwa hana. Stanislausi akasema, weka ya kwangu zote mbili, sisi ni nyumba moja. Kisha kompyuta ikaanza kuuliza maswali. Unakubali hiki? Unakubali kile? Muuzaji akabonyeza "kubali" mpaka mwisho.

"Mlisoma?"

"Nani anasomaga yale, Mwalimu?"

"Ndiyo hapo sasa!" Euphrasia alipiga meza. "Kompyuta ina programu kuu inayoiendesha. Inaitwa mfumo endeshi. Huo ndio unaowasha kioo, unaofungua mafaili, unaojua kila unachogusa. Na mingi siku hizi inakusanya habari zako. Uko wapi, umefungua nini, umetafuta nini. Mingine inachukua hata picha na maandishi yako na kuyapeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Vingine unaviruhusu kwa kubonyeza 'kubali', vingine vinakuja vimeshawashwa. Na hifadhi yenu ni ya akaunti moja. Kompyuta mbili, mlango mmoja. Ninyi mnaweka huku, kaka anaona kule. Matangazo nayo yanafuata akaunti."

"Mungu wangu," Benson alisema. "Basi nizime intaneti! Nifute picha!"

Aliinyakua simu yake, ambayo ndiyo ilikuwa inalisha kompyuta mtandao.

"Acha!" Euphrasia alimshika mkono. "Ukizima mtandao kisha ukafuta, zinafutika hapa tu. Kule zinabaki. Na tukiitoa akaunti kwanza, tunajifungia nje, hatuzifikii tena. Tunafuta picha kwanza, mtandao ukiwa umewaka, halafu ndiyo tunafunga mlango. Judith, njoo ukae wewe. Mimi nitasema, wewe utabonyeza."

Judith alikaa. Alifungua hifadhi ya mtandaoni. Zile karatasi zilikuwa pale, wazi, pamoja na picha zake za kola. Jina la Benson lilikuwa juu kabisa, kwa herufi ndogo.

"Chagua zenu tu," Euphrasia alisema. "Akaunti ni ya shemeji yako. Vitu vyake hatugusi."

Judith alichagua. Akabonyeza "futa". Kigurudumu kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikasimama.

"Nini tena?"

Benson aliangalia simu. "Bando la intaneti limeisha!"

"Benson!"

"Naunga! Naunga!" Alikosea namba ya siri, akarudia, akakosea tena. Wakati huo huo simu ikaita mkononi mwake. Ni Stanislausi. Benson aliitazama kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Pokea," Judith alinong'ona.

"Nimeshashuka," kaka alisema. "Nipo na Elias hapa hapa senta. Anasema nimletee tu. Paswedi ya akaunti si ni jina la mama?"

"Ndiyo, kaka," Benson alijibu. Alikata, akaingiza namba tena. Safari hii ilikubali. Kigurudumu kikazunguka na picha zikaondoka, moja baada ya nyingine.

Judith alishusha pumzi na kutaka kuinuka.

"Bado. Hifadhi ina pipa la taka," Euphrasia alisema. "Ulichofuta kinakaa humo kwa siku kadhaa. Mtu anaweza kukirudisha. Lisafishe."

Judith alifungua pipa, akaondoa picha zao na huko. Kisha Euphrasia akamwelekeza aende Setingi, sehemu ya Praivasi, yaani faragha. Swichi zilijipanga kioo kizima, na karibu zote zilikuwa zimewashwa.

"Hii ya lokesheni inataka kujua uko wapi. Kola inashonwa kwa kujua uko Kamunyonge?"

"Hapana."

"Zima. Hii ni ya kumbukumbu ya mambo unayofanya. Zima, halafu futa iliyokwisha kukusanywa. Hii ni namba inayokutambulisha kwa wenye matangazo. Zima. Hii inachukua unavyoandika na unavyoongea. Zima. Hii inatuma ripoti kwa walioitengeneza. Kwenye mifumo mingine hairuhusu kuzima yote, inabaki sehemu ndogo ya lazima. Basi chagua hiyo ndogo."

"Kwa hiyo bado watapata kidogo?" Judith aliuliza.

"Kidogo, ndiyo. Sitakudanganya kwamba unaweza kuzuia kila kitu. Ila kidogo si sawa na karatasi zako za hospitali. Sasa kamera na maikrofoni. Angalia programu gani zimeruhusiwa. Usiyoijua, zima."

Kisha alimwonyesha namna ya kuzuia mafaili yasipelekwe mtandaoni yenyewe. Mwishowe alifungua akaunti mpya, ya ndani ya kompyuta, ambayo haitumi kitu kwenye hifadhi ya mtu mwingine. Judith aliweka paswedi yake mwenyewe. Akahamisha kazi zake humo, akaiondoa akaunti ya shemeji yake.

"Na baada ya kila sasisho kubwa, rudi hapa uangalie," Euphrasia alisema. "Swichi nyingine hujirudisha zenyewe."

"Kwa hiyo tumepona?" Benson aliuliza.

Euphrasia aliinuka. "Sijui. Kama kaka yako hakuwa amezipakua kwenye kompyuta yake, mmepona. Kama alizipakua, ziko naye. Kule hatuna mkono."

Siku ile Benson hakwenda dukani. Simu haikuita tena. Judith alimaliza mashati bila kujua ameyamalizaje.

Jumapili, baada ya misa, walifika. Stanislausi alikuwa mbele, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Judith aliwapigia magoti kidogo, akawasalimu, akawanawisha mikono. Aliwaletea ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Stanislausi hakugusa.

"Yule Elias hajui kazi," alisema. "Kahangaika jana mchana kutwa. Makaratasi hayapo. Yamepotea kama moshi, hata kwenye pipa hayapo. Watu wamekaa pale wanasubiri kuona, nimeaibika bure."

Walikuwa wamepona.

"Lakini haidhuru," Stanislausi aliendelea. "Mhusika si huyu hapa? Aseme mwenyewe." Alimgeukia Judith. "Wewe. Waambie wazee. Hospitali walikuambia una nini?"

Wazee walimtazama Judith. Alisimama na sahani mkononi. Hakumtazama Benson. Alikuwa ameahidi, na hakuna karatasi yoyote Butiama wala Musoma iliyobaki kumsemea. Machozi yalianza kumjaa, akainamisha kichwa apokee maneno kama alivyozoea.

"Kaka, mwache," Benson alisema.

"Nimwache vipi? Tunataka kujua."

Benson aliinuka. Siri yake ilikuwa salama, na yeye alijua hivyo. Angeweza kukaa, akala sato wake, na mambo yakaendelea kama zamani.

"Zile karatasi ni zangu," alisema. "Nilizifuta mimi na mke wangu jana. Sikutaka zisomwe kwa Elias, mbele ya watu wanaonunua kalamu. Jambo langu nitalisema mimi, kwa mdomo wangu, kwa ninaowataka. Nawaambia ninyi. Tumepimwa wote. Judith hana shida. Mwenye tatizo ni mimi. Hata mkiniozesha wake kumi, tatizo ni mimi."

Mzee mmoja alikohoa, mwingine akatazama ukuta.

"Tangu lini unajua?" Stanislausi aliuliza, sauti imeshuka.

"Muda mrefu. Niliona aibu. Nikamwacha yeye atukanwe kwa ajili yangu. Daktari anasema kuna tiba. Nilikuwa naogopa hata kuianza, nikihofia mtu wa nyumbani aniulize naendaga Mwanza kufanya nini."

Judith aliweka sahani mezani na kulia. Alilia kwa sauti, mbele ya wazee, na hakujifunika uso.

Stanislausi alikaa akitazama mikono yake. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mdogo wangu, hiyo Mwanza nitakusindikiza," alisema. "Tutapanda gari pamoja. Anayetaka kuuliza, aniulize mimi." Kisha akainuka, mzee mzima, akamgeukia mke wa mdogo wake. "Shemeji Judith, miaka yote hii nimekutukana. Mbele za watu na nyuma yako. Ningeweka na karatasi zenu barabarani, nikaona nafanya vizuri. Nisamehe."

Judith alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Nimekusikia, shemeji," alisema mwishowe. "Ila hao wote uliowaambia mimi ni mgumba, uwarudie mmoja mmoja. Uwaambie ulikosea. Ya Benson usiwaambie. Hayo ni yake."